Shoka la kuazima mkononi mwa mwanachuo

Neno la leo: 2 Wafalme 6:1-7

Jumamosi moja jioni nilikuwa nyumbani nakagua daftari la hesabu za usharika wetu. Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye namba nisiyoijua, ukinitaka nimwambie mtu fulani, aliyetajwa kwa majina yake yote matatu, alipe deni lake kabla ya saa sita usiku, la sivyo picha yake ingesambazwa kwa kila anayemfahamu.

Aliyetajwa ni kijana wetu hapa Tanga. Yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu, na kila anaporudi likizo ndiye anayepiga kinanda cha kwaya ya vijana. Mimi sikuwa nimemdhamini, wala sikujua kwamba amekopa. Namba yangu ilichukuliwa tu kutoka kwenye simu yake, siku alipoiruhusu programu ya mikopo isome majina yote aliyoyahifadhi.

Kesho yake baada ya ibada niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Mchungaji alikuwa ameupata ujumbe ule ule. Mwalimu wa kwaya pia, na shangazi wa kijana, na jirani yao. Mama yake, anayemsomesha kwa kuuza samaki wa kukaanga, alinisubiri pembeni mwa mlango mpaka watu wakapungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, huyu mtoto Serikali inampa hela ya kula. Sasa hela nyingine anakopa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Kijana aliporudi likizo nilimwita, tukakaa barazani wawili. Sikumfokea. Nilimuuliza swali moja tu: zile fedha za bumu zilikwenda wapi? Alifikiri kwa muda mrefu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akakwama, akaanza tena. Mwisho akainamisha kichwa na kuniambia, "Baba, kusema kweli sijui zilikokwenda."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha kwenye habari ya shoka lililozama Yordani.

Chuma cha mtu

Wana wa manabii walikuwa wanafunzi. Waliishi pamoja, walifundishwa na Elisha, na kama wanafunzi wengi wa leo, bweni lilikuwa limewafinya. Wakamwendea mwalimu wao na pendekezo: twende Yordani, kila mmoja akate boriti moja, tujenge mahali petu. Elisha akakubali. Mmoja wao akamsihi aende nao, naye akaenda.

Wakiwa kazini, shoka la mmoja wao likachomoka kwenye mpini na kuzama majini. Kijana akapiga kelele. Hakulilia boriti iliyobaki nusu, wala kazi iliyosimama. Alichomlilia mwalimu wake ni kwamba shoka lile lilikuwa la kuazima. Zama zile chuma kilikuwa na thamani kubwa, na mwanafunzi maskini asingeweza kukirudisha kwa urahisi.

Ndugu msomaji, mwanachuo wetu anayesoma kwa mkopo naye ameshika shoka la kuazima. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Maelfu ya watoto wa wakulima na wavuvi, wakiwemo wa Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe, wamesoma kwa sababu yake. Fedha ya chakula na malazi imepandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Ikitolewa ya siku 60 kwa mkupuo, kijana wa miaka 20 anaamka asubuhi na Sh600,000 kwenye akaunti. Wengi wao hawajawahi kushika hata robo ya kiasi hicho. Ndiyo maana wenyewe wameiita bumu: inakuja kwa kishindo, na mara nyingi inaondoka kwa kishindo hicho hicho.

Mama yule alisema Serikali "inampa". Wazazi wengi tunasema hivyo, na watoto wanatusikia. Ukweli ni kwamba Serikali inamkopesha. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa Sh800,000 atakatwa Sh120,000 kila mwezi. Mwaka 2021 Serikali ilisikia kilio cha wadaiwa ikaondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Nafuu hiyo ni kubwa, lakini deni lenyewe limebaki. Fedha aliyoichezea kijana akiwa na miaka 20 atailipa akiwa na mke na watoto. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Mithali 22:7 inafundisha kwamba anayekopa huwa mtumwa wa aliyemkopesha. Haisemi kwamba kukopa ni dhambi. Elisha hakumkemea kijana kwa kuazima shoka. Bila shoka asingekata boriti. Hatari ni kusahau kwamba limeazimwa. Anayekumbuka hukaza mpini kabla ya kuanza kazi.

Limeangukia wapi?

Sasa angalia swali la mtu wa Mungu. Hakuanza na muujiza, wala hakuanza na mahubiri juu ya uzembe. Aliuliza: limeangukia wapi? Na kijana akamwonyesha mahali penyewe.

Hapo ndipo wanafunzi hawa wawili wanapotofautiana. Yule wa Yordani alipoteza chuma lakini alijua mahali. Wetu wa Tanga alipoteza fedha na hakujua zilikoangukia. Tunazungumza sana juu ya elimu ya fedha, na watu hudhani ni somo la wahasibu. Mwanzo wake ni mwepesi kuliko hivyo: ni kuweza kujibu swali la Elisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umebandikwa kwenye maduka mengi, lakini mwanachuo anayeandika kurasa nyingi darasani hana hata ukurasa mmoja wa matumizi yake.

Tulichukua karatasi. Ilituchukua jioni mbili, tukipitia ujumbe wa miamala kwenye simu yake mmoja baada ya mwingine. Polepole mahali pakaonekana. Sehemu ililipa madeni ya bumu lililotangulia. Sehemu ilinunua simu nzuri kuliko aliyokuwa nayo. Chipsi na soda za usiku, ambazo hakuwahi kuziona kama matumizi, zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Kisha ikaja mikeka ya kubeti. Alianza kwa Sh1,000, akapata kidogo, akaongeza. Alipopoteza, akabeti tena ili arudishe. Fedha ilipokwisha akakopa Sh50,000 mtandaoni, na wiki mbili baadaye akakopa kwingine ili alipe kule kwa kwanza. Bandu bandu huisha gogo.

Hakuwa peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mtaani mikopo ya namna hii inaitwa kausha damu, na jina linatosha. Riba ni kubwa, muda ni mfupi, na dhamana yake ni aibu ya mkopaji mbele ya watu anaowaheshimu.

Bwana Yesu, katika Luka 14:28-30, anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza huketi, akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na wapita njia wakamcheka. Kuketi na kuhesabu ni tendo la kiroho. Hapa kwetu tunalifanya tukiandaa harusi na sikukuu ya mavuno. Tunaunda kamati, tunaandika bajeti, tunakagua risiti. Lakini kijana anayekwenda kuishi miaka mitatu peke yake tunamwombea, tunampa nauli, tunamsindikiza stendi ya Kange, tunapunga mkono.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Anayetenga Sh1,000 katika kila Sh10,000 ana Sh60,000 kila siku 60. Kwa siku 240 za masomo ni Sh240,000, na kwa miaka mitatu ni Sh720,000. Haitamfanya tajiri. Lakini siku ya kumaliza chuo atatoka getini akiwa na cheti na mtaji mdogo, na kubwa kuliko vyote, mazoea ya siku 720 ya kujikatalia. Tabia hiyo hakuna benki inayoikopesha.

Kila mtu boriti moja

Siku hizi vijana wanahimizwa kila mahali wawe wajasiriamali, na wengi wanaelewa kwamba mjasiriamali ni mtu mwenye mtaji, gari na maneno mengi. Wana wa manabii wanatuonyesha sura nyingine. Waliona tatizo kabla ya kuambiwa: mahali pamekuwa padogo. Walikuja na pendekezo badala ya lalamiko. Waligawana mzigo, kila mtu boriti moja. Waliomba ruhusa. Waliomba mkubwa aende nao. Na walikuwa tayari kushika shoka, ingawa walikuwa wasomi. Hizi ndizo tabia za ujasiriamali, na hakuna hata moja kati yake inayonunuliwa.

Mtume Paulo naye alikuwa msomi, na Matendo 18:3 inamkuta Korintho akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Usomi wake haukuionea haya sindano.

Na sisi wa pwani hii tuna nini? Mwaka 2017 tulishuhudia Chongoleani ikiwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Vijana wengi waliona ajira. Ni baraka kwa mkoa, lakini bomba moja halitaajiri kila mhitimu. Pembeni yake kuna machungwa ya Muheza yanayouzwa kwa bei ya kutupa msimu ukifika, nazi za Pangani, mboga na matunda ya Lushoto, mwani, kaa wa mikokoni na dagaa. Vyote vinasubiri mtu atakayeona kama wale wanafunzi walivyoona.

Sura mbili nyuma, katika 2 Wafalme 4:1-7, kuna mjane wa mmoja wa wana hao hao wa manabii. Mumewe alikufa na deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili. Elisha anamuuliza: una nini nyumbani? Anajibu kwamba ana mafuta kidogo tu. Kwenye mafuta hayo Mungu anaanzia. Kisha anaagizwa auze, alipe deni kwanza, ndipo yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Angalia mpangilio huo: kuuza, kulipa, kuishi. Wengi wetu tunaanza na kuishi.

Nilimuuliza kijana wetu swali lile lile: kwenu kuna nini? Akacheka kwa uchungu. "Kwetu kuna samaki tu, baba." Basi, nikamwambia, anza na samaki. Mama yake akamwandalia ng'onda na dagaa wa kukaushwa, akavipeleka chuoni, bara, ambako vijana wa pwani wanaitamani ladha ya nyumbani. Mzigo wa kwanza karibu nusu uliota ukungu, kwa sababu alifunga samaki kabla hawajakauka sawasawa. Alipata hasara, lakini safari hii alijua hasara imeangukia wapi. Mzigo wa pili ulifika salama.

Mbegu za uongo na miche 62

Niseme neno gumu kidogo kwa sisi tunaosimama mbele ya waumini. Si kila anayempotosha kijana juu ya fedha yuko kwenye simu. Wengine tuko kanisani.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI. Watu "walipanda mbegu" za fedha wakiahidiwa kuvuna maradufu kwa muda mfupi. Lugha ilikuwa ya kanisani, na baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na wakurugenzi wake wakafikishwa mahakamani Kisutu. Watu waliuza mifugo na kutoa ada za watoto wakiamini wanatenda kwa imani. Leo majina yamebadilika na mbegu zinapandwa kwa simu, lakini ahadi ni ile ile: weka kidogo, lala, amka na kingi. Kijana aliyezoea kusikia madhabahuni kwamba fedha huongezeka bila kazi, tunashangaa nini akibeti? Amebadilisha mahali tu.

Mkoa wetu una mahubiri bora ya mbegu kuliko hayo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika huku, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 likatokea zao lililoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Historia yake ina jasho na machozi ya manamba wengi, na hatupaswi kuisahau. Lakini kila mtu wa Tanga anajua jambo moja kuhusu mmea huu: ukiupanda leo, hutakata singa kesho. Utasubiri kama miaka mitatu, ukipalilia bila kuvuna kitu.

Miaka mitatu. Ndiyo miaka ya shahada nyingi. Mithali 13:11 inatufundisha kwamba mali ya haraka hupungua, na akusanyaye kidogo kidogo huongezewa. Mkonge umekuwa ukituhubiria hivyo kwa zaidi ya miaka 130.

Elisha alikuwa nao

Jambo moja katika habari hii hunigusa zaidi ya chuma kuelea. Kijana alipopoteza shoka alipiga kelele hapo hapo, mbele ya wenzake wote. Kwa nini hakuogopa? Kwa sababu mwalimu wake alikuwa pale. Walikuwa wamemwomba aende nao, naye hakukataa.

Kijana wetu alinyamaza miezi minne. Deni lake tuliambiwa na watu wa mbali tusiowajua, kwa vitisho, usiku. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu kwa adabu, lakini jibu lilinichoma: "Niliogopa, baba. Kanisani mngenitoa kwenye kwaya."

Sijui kama angekosea. Tunajua kumtenga aliyeanguka haraka kuliko tunavyojua kumuuliza ameangukia wapi.

Kanisa hapa kaskazini mashariki halijawahi kuona elimu kama jambo la wengine. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ilifika mahali pa kuanzisha chuo kikuu Magamba, Lushoto, kilichopewa jina la hayati Askofu Sebastian Kolowa. Basi na sharika zetu zifanye sehemu ndogo iliyo ndani ya uwezo wao. Kabla vijana hawajaondoka kwenda vyuoni, tukae nao Jumamosi mbili. Mhasibu wa usharika awafundishe kuandika mapato na matumizi. Mama wa VICOBA awaeleze jinsi kikundi kinavyolinda fedha na jinsi kinavyomfuata mdaiwa kwa utu. Afisa maendeleo ya jamii aje awaeleze kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakihitimu wakiwa na kikundi na daftari, watajua pa kubisha hodi.

Kisha kila mwanachuo apewe mzee mmoja atakayempigia simu bumu linapoingia. Asimpigie kumkagua kama askari. Ampigie amuulize: umeshapanga? Na likizama lote, awe mtu wa kwanza kuambiwa.

Elisha alikata kijiti, akakitupa majini, na chuma kikaelea. Mungu bado anaelea mashoka. Lakini hakukitoa chuma majini yeye mwenyewe. Alimwambia kijana akiokote, naye akanyosha mkono. Wazee tutupe kijiti. Mkono ni wa kijana mwenyewe.

Kijana wetu hajamaliza deni. Amebakiza moja kati ya mikopo mitatu, na kinanda anapiga. Juzi mama yake alinionyesha daftari dogo la kurasa chache alilomwachia alipoondoka, ili na yeye aandike samaki wanaotoka na fedha inayoingia. Aliandika kwa penseli, kwa herufi kubwa, na kila jioni anajumlisha.

Tuombe: Ee Bwana, uwakumbuke watoto wetu walio vyuoni, walioshika vya kuazima. Uwape moyo wa kuhesabu, mikono isiyoona haya kazi, na wakubwa wanaoweza kuambiwa ukweli. Na pale walipoangusha, utufundishe kuuliza kabla ya kuhukumu. Amina.

Jumapili njema.